Breka ya 400 iliyoruka kabla ya ya 160: kisa cha kinu cha unga, Nakuru

Mwenye kinu alikuwa ameshaandikiwa dawa kabla hatujafika: ng'oa breka kuu ya ampea 400, weka ya 630. Fundi aliyempa ushauri huo si wa kubahatisha. Paneli aliyoifunga ni safi, waya zimepangwa, kila mwisho umebanwa sawasawa. Ila breka ikiruka, yaani ikijikatia stima yenyewe, mara kwa mara, wengi husema jambo moja tu, kwamba ni ndogo. Hapa haikuwa ndogo hata kidogo. Ilikuwa nyepesi kuruka, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kinu kiko upande wa viwanda, Nakuru. Mahindi huja kwa lori kutoka Kitale, yanasafishwa, yanakobolewa, yanasagwa, na unga unafungwa kwa pakiti za kilo mbili. Stima inatoka kwenye transfoma ya kVA 315, volti 11,000 kushuka hadi 415, inayolisha kinu peke yake. Kebo ya milimita mraba 240, mita 30 hivi, inaileta kwenye paneli kuu. Humo ndimo imo breka kuu ya 400, ya kielektroniki: ina saketi ndogo inayopima mkondo na kuamua lini iruke. Chini yake kuna breka ya 160 ya kawaida, ya joto na sumaku, inayolisha mota ya kusaga ya kilowati 75 inayowashwa kwa sta-delta, yaani kwa hatua mbili: sta ya mkondo mdogo kwanza, kisha delta ya nguvu kamili. Kuna na ya 100, nayo ya joto na sumaku, inayopeleka stima kwa kebo ya milimita mraba 25, umbali wa mita 60, hadi paneli ndogo ya upande wa kufungasha. Hiyo ndogo inabeba elevata, chekecheke, mashine za kufunga pakiti na taa.

Malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza ni la asubuhi. Mwendeshaji anawasha mota kubwa, inaanza kuzunguka kwa sta, na pale inapobadilika kwenda delta, kinu kizima kinazimika. Breka ya 160, ambayo ndiyo ya mota, haijaguswa. Iliyoanguka ni ya 400. Anairudisha, anajaribu tena, na mara nyingi safari ya pili inakubali. Asubuhi nyingine hakuna shida yoyote.

La pili lilitokea usiku mmoja. Panya aliingia kwenye paneli ndogo akalala juu ya shaba za fesi mbili. Breka ya 100 ilianguka, kama ilivyopaswa. Lakini ya 400 ilianguka pamoja nayo, mota kubwa ikasimama na mahindi tumboni, na zamu nzima ikakaa gizani kwa sababu ya panya aliyekuwa mita 60 kutoka hapo.

Pale kinuni mambo haya yalisimuliwa kama magonjwa mawili, la kwanza breka ndogo na la pili panya tu. Kwangu yalionekana kuwa ugonjwa mmoja tangu siku ya kwanza, kwa sababu katika yote mawili mkubwa alianguka wakati wa chini yake alikuwa bado amesimama, au wakati ameshaimaliza kazi.

Kwanza muda, halafu ampea

Mwendeshaji alipoulizwa ampea ngapi zilikuwa zikipita, hakujua, na hakuna sababu ya kumlaumu. Alipoulizwa breka iliruka baada ya muda gani, alijibu bila kufikiri: "Papo hapo, boss. Delta ikishika tu, imeanguka." Jibu hilo lilifuta nusu ya uwezekano wote.

Breka haina kiwango kimoja cha kuruka. Ina mchoro. Mtengenezaji huuchapisha: mkondo umelala chini, muda umesimama pembeni, na mstari unashuka kutoka kushoto juu hadi kulia chini. Upande wa kushoto ni eneo la mzigo kuzidi. Katika breka ya joto, kipande cha metali mbili zilizounganishwa kinapashwa na mkondo na kujipinda polepole, kwa kuwa metali moja hutanuka kuliko mwenzake. Kazi hiyo huchukua dakika, au hata saa. Kiwango cha kimataifa cha breka za viwandani, IEC 60947-2, kinaruhusu upana wa kutosha: kwa mara 1.05 ya ampea zilizowekwa breka haitakiwi kuruka, na kwa mara 1.30 ni lazima iruke, lakini imepewa saa moja kama ni ya hadi ampea 63, na saa mbili kama ni kubwa kuliko hapo. Kwa breka ya 400, ampea 520 zinaweza kupita karibu saa mbili kabla haijaanguka, na bado iwe breka nzima isiyo na kasoro.

Zile ndogo za nyumbani zina kiwango chao, IEC 60898-1, ambacho ni kilegevu zaidi: mara 1.13 isiruke, mara 1.45 iruke. Breka ya 20 nyumbani kwako inaruhusiwa kubeba ampea 29 kwa muda unaokaribia saa nzima. Watu wengi hushangaa wakisikia hivyo, hata baadhi ya wanaoziuza.

Kwa hiyo, breka iliyoruka papo hapo delta iliposhika haikuruka kwa sababu ya mzigo kuzidi. Tulithibitisha kwa klampu mita (kipimo cha ampea kinachobana waya): kila kitu kikizunguka, mahindi yakiingia, jumla ilikuwa ampea 235. Breka ya 400 inayobeba 235 haijalemewa.

Upande wa kulia wa mchoro ndiko kwenye shoti, na huko muda ni wa milisekunde. Katika breka ya joto na sumaku, koili huvuta kifungio mara mkondo unapofika kiwango fulani. Kwa breka ndogo herufi iliyo mbele ya namba ndiyo inayosema: B huvuta kati ya mara 3 na 5 ya namba yake, C kati ya 5 na 10, D kati ya 10 na 20. Kwa hizi kubwa za boksi, kiwango huandikwa au huwekwa kwa kitufe, na kinaruhusiwa kuyumba asilimia 20 juu au chini. Ya 160 ya kinu hiki sumaku yake ni mara 10, yaani ampea 1,600, na ukihesabu kuyumba ni popote kati ya 1,280 na 1,920. Ya 100 ni 1,000, kati ya 800 na 1,200.

Halafu tukafungua kifuniko cha plastiki cha breka kuu.

Kitufe cha S

Breka ya kielektroniki ya aina hii ina vitufe vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi. L ni mzigo kuzidi, wenye muda mrefu. S ni shoti yenye kuchelewa kidogo kwa makusudi. I ni papo hapo, bila kungoja chochote. L ilikuwa imewekwa 400, sawa. I ilikuwa juu kabisa, mara 12, karibu ampea 4,800. S ilikuwa chini kabisa: mara 1.5, na muda wa kuchelewa nao ulikuwa kwenye nafasi ya kwanza, isiyo na ucheleweshaji wa makusudi.

Mara 1.5 ya 400 ni 600.

Breka kuu, kwa hiyo, ilikuwa ikiruka kwa ampea 600 kufumba na kufumbua, wakati ya 160 iliyo chini yake ilikuwa ikisubiri 1,600. Kwa mkondo wowote wa ghafla kati ya viwango hivyo viwili, mkubwa ataanguka na mdogo hatajua kama kuna jambo. Namba zilizoandikwa usoni, 400 na 160, zilificha ukweli huu, kwa sababu zinahusu upande wa kushoto wa mchoro tu. Upande wa kulia mpangilio ulikuwa umepinduka.

Baada ya hapo malalamiko yote mawili yalijieleza yenyewe, ingawa la asubuhi lina utamu wake.

Mota ya kilowati 75 kwa volti 415 hula kama ampea 129 ikibeba mzigo kamili. Ukiiwasha moja kwa moja hula mara sita hadi saba ya hizo. Tuchukue mara 6.5, ni 840. Sta-delta imewekwa ili kuepuka hilo: katika sta mota huvuta theluthi moja tu, kama 280. Ila nguvu yake ya kuzungusha nayo ni theluthi moja. Kinu kikiwa kitupu, theluthi hiyo inatosha kukifikisha karibu na kasi yake, na delta inapoingia mkondo unakuwa umeshashuka. Kinu kikiwa na mahindi tumboni, mota inahangaika, kasi haipandi, na taima inapofika mwisho wake, ambayo ilikuwa sekunde nne, delta inaingia juu ya mota iliyo nusu ya kasi. Hapo ni kama umeiwasha moja kwa moja. Ampea 840, ongeza 110 za mashine nyingine ambazo zilikuwa zimeshawashwa, unafika kwenye 950. (Kujumlisha hivyo kunazidisha kidogo, kwa kuwa mikondo ya mota inayoanza na ya mashine nyingine hailingani sawasawa, lakini kwa kazi hii inatosha.) Breka iliyowekwa 600 haina la kusubiri.

Ni lini kinu hulala na mahindi tumboni? Stima ikipotea jioni. Daftari la zamu lilikuwa na kila kitu, maana msimamizi wao ni mtu wa kuandika. Asubuhi zilizoandikwa kwamba breka kuu iliruka zilikuwa, kwa sehemu kubwa, zile zilizofuata jioni ya stima kupotea. Na safari ya pili ilikubali kwa sababu safari ya kwanza ilishapunguza mahindi kidogo.

Zilibaki asubuhi chache ambazo kinu kilikuwa kitupu na bado breka iliruka. Hizo nazo zina sababu. Kati ya sta kuachia na delta kushika kuna mwanya mdogo ambapo mota haina stima, lakini rota, sehemu yake ya ndani inayozunguka, inaendelea kuzunguka na kuzalisha volti yake yenyewe. Delta ikishika wakati volti hiyo inapingana na ya laini, hutokea mruko wa mkondo wa mizunguko michache, ambao unaweza hata kuzidi ule wa kuwasha moja kwa moja. Mzunguko mmoja kwa 50 Hz ni milisekunde 20. Kama delta itashika pazuri au pabaya, hilo ni suala la bahati. S isiyo na ucheleweshaji inaweza kuunasa mruko huo. Yenye sekunde 0.1 inauacha upite.

Kuhusu panya, hesabu ni fupi. Transfoma hii ina upinzani wa asilimia 4.5, kwa hiyo shoti kwenye vituo vyake haizidi takriban ampea 9,700. Ukiongeza kebo ya mita 30 unabaki na kama 8,700 kwenye paneli kuu. Ukiongeza zile mita 60 za kebo ya 25 unabaki na kama 3,900 kwenye paneli ndogo, kwa shoti kamili ya fesi zote tatu. Shoti ya fesi mbili ni pungufu, na ya tao la moto juu ya panya ni pungufu zaidi, lakini yote ni juu sana ya 1,200 ya breka ya 100 na ya 600 ya breka kuu. Zote mbili ziliona shoti ile ile kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeambiwa amsubiri mwenzake.

Kwa nini 630 ingekuwa hasara

Mwenye kinu aliuliza swali la haki: kama tatizo ni wepesi, si ya 630 ingekuwa nzito zaidi? Tumpe hesabu. Kama ya 630 ingefungwa na S ikaachwa pale pale chini, mara 1.5 ni 945. Mota ikianza na mahindi ni 950. Angenunua breka mpya, na asubuhi baada ya stima kupotea huenda bado angeirudisha kwa mkono.

Ubaya mkubwa uko upande wa pili wa mchoro. Transfoma ya kVA 315 hutoa ampea 438 kwa mzigo wake kamili. Breka iliyowekwa 630 hairuhusiwi kuruka kwa mara 1.05, yaani ampea 661, ambazo ni mara moja na nusu ya uwezo wa transfoma. Kebo nayo ilichaguliwa kwa breka ya 400. Kinu kingekua, mota moja ikaongezwa, nyingine ikaongezwa, na kilichokuwa kikilinda kebo kingekuwa kimelala usingizi. Breka kubwa kuliko kebo yake ni ukarabati ninaoukuta zaidi ya wowote mwingine, kwenye visiagi vya vijijini na kwenye magorofa ya mjini sawa, na bado sijauzoea.

Tulichoweka

Kiwango cha S kilipaswa kupita juu ya ukingo wa juu wa breka nzito zaidi iliyo chini yake, yaani 1,920 za ile ya 160. Kwa breka hii kuu, karatasi ya mtengenezaji inaruhusu S kuyumba asilimia 10. Mara 5 ni 2,000, lakini ikiyumba chini inakuwa 1,800, ambazo zinaingia ndani ya eneo la 160. Mara 6 ni 2,400, ikiyumba chini ni 2,160. Tukachukua 6. Muda wa kuchelewa tukaupeleka sekunde 0.1, unaotosha breka za chini kumaliza kazi yao, kwa kuwa sumaku zao hukata ndani ya mzunguko mmoja hivi.

Kuchelewesha si jambo la bure. Kama ya 100 itashindwa kukata, kebo ya 25 itabaki ndani ya shoti mpaka ya 400 ije. Kebo ya shaba yenye ganda la PVC ya milimita mraba 25 huvumilia nishati ya kama milioni 8.3, ukizidisha mkondo kwa wenyewe halafu kwa sekunde. Kwa 3,900 na sekunde 0.14, ambazo ndizo breka kuu huchukua kwa jumla mpaka mkondo ukatike, ni kama milioni 2.1. Inatosha. Shoti ikiwa karibu na paneli kuu, kwa 8,700, hesabu hiyo hiyo inatoa milioni 10.6, na kebo ingeungua. Ndiyo maana I hatukuigusa: kwa mikondo mikubwa kiasi hicho breka kuu hairuhusiwi kungoja.

Gharama ya hilo ni wazi. Shoti ikitokea mwanzoni mwa kebo, karibu na paneli kuu, zote mbili zinaweza kuanguka. Huko juu michoro pekee haitoshi, kwani breka hukata kabla mkondo haujafika kilele, na kinachoamua ni majedwali ya mtengenezaji yaliyotokana na majaribio ya breka mbili pamoja. Breka kuu na za chini hapa ni za watengenezaji tofauti, hivyo hakuna jedwali linalozihusu. Tulimwambia mwenye kinu hivyo, akakubali, maana shoti nyingi kinuni hutokea mwisho wa laini, penye mtikisiko, vumbi na panya.

Taima ya sta iliongezwa kutoka sekunde nne hadi nane, huku klampu ikiwa kwenye waya kuangalia mkondo unaposhuka. Mwendeshaji naye ana agizo jipya: stima ikipotea na kinu kikasimama na mahindi, kifunguliwe na kutolewa kabla ya kuwashwa. Kwa maoni yangu agizo hilo ni nusu ya tiba, japo halina ampea ndani yake.

Kazi ya vitufe ilifanywa breka ikiwa imezimwa na kufungwa kwa kufuli, na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati Kenya. Viwango vya zamani na vipya viliandikwa kwenye kadi iliyobandikwa ndani ya mlango wa paneli, kisha breka ikapitishiwa mkondo wa majaribio kuhakikisha kwamba S inasikia 2,400 kweli.

Katika kufungua paneli kuu tulikuta jambo lingine ambalo hakuna aliyelilalamikia. Breka mbili ndogo za taa zilikuwa zimefungwa moja kwa moja kwenye shaba za paneli kuu, zimeandikwa 6000 ndani ya kiboksi. Hiyo ni shoti kubwa zaidi zinayoweza kukata, na pale shoti inafika 8,700. Kwenye paneli ndogo, penye 3,900, zingefaa kabisa. Ziliondolewa, zikawekwa za 10000.

Watu huniuliza pia kuhusu joto na mwinuko. Breka ndogo za nyumbani hupimwa kwa nyuzi 30, na nyingi za joto na sumaku za viwandani kwa nyuzi 40. Paneli ya bati iliyo juani Kisumu inaweza kufanya sehemu ya joto iruke mapema. Hii ya kielektroniki inapima mkondo wenyewe, na hali ya hewa ya Nakuru haiihusu sana. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, chini ya mita 2,000 ambazo ndizo mpaka wa kawaida wa viwango hivi. Kinu kama hiki kingekuwa Molo, juu ya mita 2,400, ningerudi kwenye karatasi ya mtengenezaji kabla ya kuandika namba yoyote.

Mwenye kinu sasa anataka kuongeza mota ya kukoboa ya kilowati 45. Hiyo ni kama ampea 78, kwa hiyo jumla itapanda kutoka 235 hadi 313, bado chini ya 400 na chini ya transfoma. Ikianza vibaya kabisa, kwa mara 6.5, ni ampea 507 juu ya 235, jumla 742, mbali na 2,160. Breka kuu itabaki ile ile na vitufe vile vile. Atakachohitaji ni breka ya mota hiyo ambayo ukingo wa juu wa sumaku yake hauzidi 1,920. Ya ampea 100 yenye sumaku ya mara 10 inaishia 1,200, na akiipata ya mtengenezaji yule yule wa breka kuu, atakuwa na jedwali la kusoma kwa shoti za karibu na paneli.